Karatasi Iliyosema Safi

Naomba mnisamehe kwa mwandiko wangu na kwa makosa ya tahajia yatakayobaki. Niliishia darasa la nane, na tangu hapo nimeshika sabuni mara nyingi kuliko kalamu. Naandika polepole. Ukurasa mmoja unanichukua asubuhi nzima, na nikijaribu kuharakisha herufi zangu zinaanza kufanana: g inakuwa kama d, na e inageuka a. Siombi msamaha huu kwa ajili ya adabu peke yake. Mwandiko wangu uliwahi kumchelewesha mtu aliyekuwa hapumui vizuri, na mtu huyo ni kaka yangu. Nitafika hapo.

Tunaishi watatu, mama, kaka na mimi, katika chumba kimoja cha ploti yenye milango kumi na miwili, si mbali na Barabara ya Jogoo. Baba alikuwa karani wa reli. Alifariki nikiwa mdogo na kitu ninachokumbuka zaidi ni viatu vyake. Mama na mimi tunafua nguo za watu. Wengine wanatuita nyumbani kwao, wengine wanaleta mafurushi kwetu. Kaka ananizidi miaka sita. Yeye alikuwa anapakia na kupakua magunia katika bohari moja huko Industrial Area. Ni kibarua cha siku: mnasimama getini asubuhi na msimamizi anachagua kwa kidole. Kaka alikuwa anachaguliwa karibu kila siku kwa sababu ya mabega yake.

Mimi ni mtu wa haya. Nikiulizwa kitu mbele ya watu, jibu linakuja, lakini linakaa kooni mpaka wakati wake unapita. Shuleni mwalimu mmoja aliniruhusu niwe naandika majibu kwenye kipande cha karatasi na kumpelekea mezani. Nyumbani walinizoea. Kaka akiingia jioni alikuwa anasema, "Niaje, siste?" Mimi nainua kidole gumba, na yeye anajijibu mwenyewe kwa niaba yangu, "Safi." Ilikuwa hivyo kila siku kwa miaka.

Mwaka jana aliteleza akiwa na gunia la sukari begani. Gunia halikumwangukia, lakini alijipinda akijaribu kuliokoa, na mgongo ukakataa kunyooka. Alilala chali kwenye mkeka wiki mbili. Vidonge alivyopewa hospitalini viliisha kabla maumivu hayajaisha. Siku aliyorudi getini, wenzake walimwonyesha mtu anayeuza vitu kwenye kadibodi upande wa pili wa barabara: viberiti, sponji za kusugulia sufuria, nyembe, na vidonge vya mgongo. Vilikuwa vya bluu, havina boksi, vimefungwa vitano vitano kwenye nailoni. Kaka alituambia mwenyewe, bila kuficha. Alisema mgongo umepoa kama umemwagiwa maji. Mama alimshukuru Mungu na mimi nikainua kidole gumba.

Baada ya muda kama wa mwezi mmoja alianza kulala akiwa amesimama. Ni kitu kigumu kueleza kwa mtu ambaye hajakiona. Anakuwa anaongea, kisha sentensi inapungua nguvu, kichwa kinashuka, magoti yanajikunja kidogo, na anabaki hapo katikati, hajaanguka na hajasimama. Vijana wa ploti walimpa jina. Walisema twiga ndiye hulala wima.

"Twiga ameingia! Punguzeni kelele, mtamwamsha."

"Twiga, huko juu kuna network?"

Kaka alikuwa anacheka pamoja nao. Alisema ni uchovu wa kazi. Lakini mama wa mlango wa nne, mwanamke anayepika maandazi na kujua habari za kila nyumba, hakusema twiga. Alisema teja. Hakusema mbele ya mama, lakini ploti yetu ina kuta za mabati upande wa nyuma, na neno lilifika. Teja ni mtu aliyeshindwa na dawa za kulevya. Mtaani kwetu mtu akishaitwa hivyo, viatu vikipotea anaulizwa yeye, sufuria ikipotea anaulizwa yeye. Mama aliacha kununua maandazi.

Asubuhi moja, kwenye saa nne, kaka aliinama kwenye mfereji wa uani kunawa uso na hakuinuka. Alikuwa amelala paji la uso likiwa kwenye saruji, maji yakimpitia shingoni. Tulimtikisa, akaamka. Majirani wawili wakamshika mikono tukaenda naye hospitali kwa miguu.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, aliyeonekana kama hajakaa tangu asubuhi. Alimulika macho ya kaka kwa tochi ndogo, akayamulika tena.

"Umekunywa nini leo?"

"Chai," kaka alisema.

"Na nini?"

"Na mkate."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Daktari hakucheka. Alisema apimwe mkojo.

Nesi alileta kadi ya plastiki yenye ukubwa wa kadi ya benki. Ina madirisha matano madogo, kila dirisha lina herufi zake, na kila moja linapima aina yake ya dawa: bangi, heroini na nyingine. Inachovywa, inawekwa mezani, inasubiriwa. Mama alisimama juu yake kama mtu anayechunga maziwa yasifurike. Mistari ilianza kujitokeza. Dirisha la kwanza, mistari miwili. La pili, mistari miwili. Madirisha yote matano.

Kwetu hakuna mwanamke asiyejua mistari miwili. Ukipima mimba, mistari miwili ni mtoto. Ukipima ugonjwa ule mwingine, mistari miwili ni kuanza dawa za maisha. Mstari mmoja, unaenda nyumbani ukiimba. Mama alishika kichwa.

"Zote? Zote tano? Wewe mtoto, umebakisha nini?" Akamchapa kaka kwa kanga aliyokuwa ameishika, na kaka, nusu amelala, akasema, "Aki mama, sijui."

Mzee mmoja kwenye foleni alinyoosha shingo. "Mistari miwili? Basi hongera, mama. Unapata mjukuu."

Nesi alirudi mbio. "Mama! Mama, ngoja. Hii ni kinyume. Hapa mistari miwili ni hakuna kitu. Mstari mmoja ndio ubaya."

"Unasema nini?"

"Nasema yuko safi."

Mama aliketi kwenye benchi. Nilimwona akihesabu madirisha tena kwa kidole, safari hii polepole, midomo ikitembea. Daktari alikuja akaiangalia kadi kwa muda mrefu kuliko nesi. Alisema macho ya kaka yanamwambia kitu kingine, lakini kadi ndiyo aliyo nayo. Alisema akizidiwa arudishwe upesi. Mama hakusikia sehemu hiyo. Alikuwa anamwomba nesi amwandikie lile neno.

"Neno gani?"

"Ulilosema. Liandike kwenye karatasi, kwa Kiswahili."

Majibu yalikuwa yameandikwa kwa Kiingereza. Nesi alitabasamu, akaandika chini yake kwa herufi kubwa, SAFI, na mama akamwomba agonge mhuri juu yake. Aligonga. Sidhani aliona ubaya wowote katika kufanya hivyo. Hata mimi sikuuona.

Karatasi hiyo iliingia kwenye jalada la nailoni siku ile ile. Mama alisimama nayo uani wakati wanawake wote wanachota maji, akaisoma kwa sauti, ikiwa ni pamoja na nambari za juu ambazo hazina maana kwa mtu yeyote. Aliposoma SAFI alimwangalia mama wa mlango wa nne.

"Na mhuri huu hapa. Ama nilete na miwani?"

Mama wa mlango wa nne aliweka ndoo chini, akasema, "Mama, mdomo wangu ulinitangulia. Nisamehe." Jioni alileta maandazi kumi kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa. Mama aliyapokea. Jumapili alitoa ushuhuda kanisani akiwa ameishika karatasi juu, na watu wakapiga makofi. Vijana waliacha kumwita kaka twiga kwa wiki nzima.

Kaka naye aliiamini. Hili ndilo ambalo watu hawalielewi ninapoeleza, kwa hivyo naliandika wazi. Kaka hakujiona kama mtu anayetumia dawa za kulevya. Alikuwa anakunywa dawa ya mgongo. Kama dawa hiyo ingekuwa na ubaya, alisema, si hospitali ingeuona?

Katika kazi yetu, kabla ya kuloweka nguo, kila mfuko unageuzwa nje. Mama alinifundisha hivyo kabla sijajua kusoma, kwa sababu kalamu moja inayovuja inaharibu karai zima. Wiki iliyofuata nikageuza mfuko wa suruali ya kazi ya kaka na nikakuta kitambaa chake kimekuwa bluu. Si wino. Ilikuwa ni ungaunga, uliokwama kwenye mshono, na vipande vya vidonge viwili. Nikapeleka suruali mpaka alipokuwa amekaa mlangoni na kumwonyesha.

"Sasa, siste? Unanichora, unanipeleleza?"

Nikaonyesha mfuko.

"Ni za mgongo. Unajua ni za mgongo."

Nikaonyesha vidole viwili, kisha vinne, kisha vyote, nikimaanisha kwamba zimeongezeka.

"Mgongo nao umeongezeka," alisema. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hata serikali imegonga mhuri. Wewe ni nani?"

Nilirudi karaini. Nilisugua mshono ule kwa sabuni ya kipande mpaka ukatoka, lakini maji ya kwanza ya kusuuzia yalitoka na rangi, na ya pili, na ya tatu. Sikumwambia mama. Nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kusema kwenyewe kunanishinda. Ya pili ni kwamba karatasi ilikuwa ukutani, imepachikwa juu ya kitanda, na ilikuwa inasema vizuri kuliko mimi.

Ilipita miezi miwili hivi. Ilikuwa Jumamosi adhuhuri, siku ya maji, uani kumejaa nguo na watu. Kaka alikuwa amelala ndani. Niliingia kuchukua vibanio nikasikia mkoromo ambao haukuwa wa usingizi. Ulikuja, ukakaa, ukakawia, ukaja tena. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nilimpiga mashavu, nikambana sikio. Hakuamka. Nilijaribu kuita na sauti haikutoka, kwa hivyo nilichukua sufuria na kuigonga kwenye mlango wa bati mpaka watu wakaja.

Mwenye mkokoteni wa kubeba mitungi ya maji aliiangusha yote. Tulimpakia kaka mkokotenini, mama wa mlango wa nne akamshika kichwa, na vijana waliokuwa wakimwita twiga wakasukuma wakikimbia. Mama alirudi ndani kwa sekunde moja. Nilidhani amefuata kanga. Alikuwa amefuata karatasi.

Nesi alikuwa yule yule. Daktari alikuwa chumba kingine na mgonjwa mwingine. Nesi alimwekea kaka mashine ya kidoleni, akauliza ameanzaje, na mama akamkabidhi karatasi.

"Alipimwa hapa hapa. Ni safi. Angalia, ni mwandiko wako."

Nesi aliangalia. Nafikiri ilimtoa kwenye njia. Alisema basi tuangalie sukari, tuangalie malaria. Akamtoboa kidole. Mama alikuwa anaendelea kusema, yuko safi, yuko safi, huenda ni presha, baba yake alikuwa na presha. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda na nilikuwa nalijua jibu. Nilifungua mdomo, likakataa kutoka. Nesi alikuwa ameweka karatasi pembeni ya kitanda, na kalamu juu yake. Nikaigeuza karatasi na kuandika nyuma ya SAFI.

Niliandika haraka nilivyoweza. Nilitaka kuandika: anakunywa vidonge vya bluu vingi. Nilikuja kuiona karatasi hiyo baadaye na najua nilichoandika hasa. Niliandika "ana vidoge vya bulu vigi". Nilisahau n, na g yangu ilikuwa d, na e ilikuwa imefungwa ikawa a. Nesi alipoichukua alisoma kwa sauti.

"Ana vidonda vya bluu vingi? Wapi?"

Akaanza kumfunua kaka miguu kutafuta vidonda. Alimvua soksi. Akamwinua shati, akamgeuza ubavu, mama akisaidia na kuuliza vidonda gani tena, vimetoka wapi. Nilitikisa kichwa, na waliona nikitikisa, lakini walidhani nalia. Mkoromo ulikuja, ukakaa. Nilingoja uje tena na haukuja.

Nilifanya kitu ambacho mikono yangu inakijua. Nilipita katikati yao, nikaingiza vidole kwenye mfuko wa suruali yake na kuugeuza nje. Vidonge vinne vilianguka kwenye shuka, na unga wa bluu.

"Vidonge," nilisema. Mama anasema nilipiga kelele. Mimi nakumbuka ilikuwa sauti ya kawaida.

Nesi alimwita daktari kwa sauti iliyofanya watu wote wa foleni wageuke. Walimwekea kaka mfuko wa hewa usoni na kuubana kwa mkono. Daktari alimchoma sindano, akasubiri, akamchoma nyingine. Sikuhesabu dakika. Kisha kaka alivuta pumzi ndefu yenye kelele, kama mtu aliyetolewa kisimani, akafungua macho, na akakasirika kwa sababu hakuwa na soksi.

"Nani amechukua soksi zangu?"

Mama wa mlango wa nne alicheka mpaka akakaa chini.

Jioni ile kabla ya giza daktari alituita. Alikuwa ameweka karatasi ya mama na kidonge kimoja mbele yake. Alituambia kwamba sindano ile inaamsha mtu aliyezidiwa na dawa za aina ya heroini tu. Kama ingekuwa sukari au malaria, kaka asingeamka. Kwa hivyo ana dawa ya aina hiyo mwilini. Lakini alikuwa amempima tena kwa kadi ile, na kadi ikatoa mistari miwili kila dirisha.

"Kadi imeharibika?" mama aliuliza.

"Hapana. Kadi inajua heroini na ndugu zake wa karibu. Hii inafanya kazi ile ile lakini si ya ukoo ule. Inapita mlangoni na kadi haiijui." Alisema hana uhakika kwa sababu hana cha kuipimia, lakini anadhani ni fentanili, dawa kali sana ya maumivu, ambayo mtu anaichanganya kwenye vidonge bila kipimo, kimoja kikiwa na kidogo na kingine kikiwa na cha kuua. Alisema kuna kadi yenye dirisha lake, ni kitu kidogo tu, lakini haiko kwenye orodha ya vitu wanavyoletewa.

"Kwa nini isiwekwe?"

"Kuna nchi wameandika kwenye sheria, kwamba hospitali ikimpima mtu dawa za kulevya, lazima na hiyo ipimwe. Kabla ya sheria, kila hospitali ilikuwa inapima inachojua. Sisi bado tunapima tunachojua."

Mama aliangalia karatasi yake. "Na neno hili?"

Daktari alisema neno lile lilipaswa kuwa refu zaidi. Lilipaswa kusema: safi kwa vitu vitano tulivyotafuta. Nilimwelewa haraka kuliko mama. Mteja akisema nguo ni safi anamaanisha haoni doa. Sisi tunaangalia maji ya kusuuzia.

Kaka hakulia wala kuomba msamaha. Aliuliza tu kama akiacha ataumwa. Daktari alisema ataumwa sana, na akiumwa atarudi kwa yule wa kadibodi, na kidonge kitakachofuata hakuna ajuaye kina nini. Alitaka aende kituo ambacho watu wanapewa dawa ya maji kila asubuhi, wanaimeza mbele ya nesi, na polepole mwili unatulia. Alimwandikia barua. Tulikwenda Jumatatu, sote watatu.

Mshauri wa kituo alisoma barua, akasema vizuri, sasa apimwe mkojo, maana hawaanzishii mtu dawa ile mpaka kipimo kionyeshe anatumia. Ni utaratibu wao na una sababu, dawa ile ni kali kwa asiyeizoea. Alileta kadi. Niliijua kabla hajaifungua. Madirisha matano, mistari kumi.

"Huyu yuko safi," mshauri alisema. "Siwezi kumwandikisha."

Mama alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Niliomba Mungu kijana wangu aonekane safi. Nikatangaza mpaka kanisani. Leo nimekuja kuomba aonekane mchafu, na hata hilo amekataa."

"Mama, si mimi. Ni fomu."

Kaka alikuwa ameanza kutoka jasho na kupiga miayo. Alisema, "Tuende nyumbani, mama," na mimi nilijua nyumbani alikomaanisha kulikuwa getini, kwa yule wa kadibodi. Mshauri aliangalia barua tena. Akasema anaweza kumweka kwenye benchi na kumwangalia mwili wake, kama tutaleta maelezo ya maandishi ya mtu anayeishi naye: amekuwa akitumia nini, tangu lini, kiasi gani. Mama aliniangalia. Yeye anajua kusoma, lakini kuandika hajui.

Nilipewa karatasi na meza kwenye kona. Niliandika kutoka saa nne mpaka saa saba. Niliandika vidonge mara sita na kila mara nilirudi kuweka n. Niliandika habari za twiga, za mfuko, za maji matatu ya kusuuzia, za sindano mbili. Hakuna aliyeniharakisha. Kaka alikuwa anatetemeka kwenye benchi, amejifunika kanga ya mama, na kila nikiinua macho alikuwa ananitazama mkono.

Alikaa kwenye benchi lile asubuhi tatu. Siku ya tatu nesi mmoja mzee wa pale alimwangalia mboni zilizopanuka, vinyweleo vilivyosimama mikononi, pua inayovuja, akasoma ukurasa wangu mara ya pili, akasema, "Mwandikisheni. Nitatia sahihi mimi." Walimwanzishia dozi ndogo. Sasa ni mwezi wa saba tangu aanze. Anaenda kila asubuhi na kurudi, na siku nyingine anasema hataki, na anaenda. Magunia hajayarudia. Anatusaidia kubeba maji. Ile karatasi mama aliitoa ukutani, lakini hakuitupa. Upande mmoja una SAFI, upande mwingine una maneno yangu yaliyokosewa.

Nesi mzee aliniambia kitu siku ile. Alisema kama yeye angekuwa zamu nyingine, au kaka asingekuwa na mtu wa kuandika, kaka angerudishwa nyumbani akiwa na kipimo chake kizuri. Alisema wapo waliorudishwa. Hajui walipo.

Mwezi uliopita kulikuwa na mkutano ukumbi wa mtaa, wa kukusanya maoni ya wananchi kuhusu afya. Nilikwenda. Nilikaa karibu na mlango nikiwa na sentensi moja niliyoikariri: hospitali ikipima mkojo wa mtu kwa dawa za kulevya, sheria iilazimishe ipime na fentanili, na kama haikupima, iandike kwamba haikupima. Watu walizungumzia mitaro, taka na uhaba wa dawa za watoto. Maikrofoni ilipita karibu yangu mara mbili. Mwishoni nilimfuata dada aliyekuwa anaandika maoni na kumpa kikaratasi. Alikisoma, akakisoma tena. Alisema, "Hili sijalisikia. Lakini ukurasa mmoja wa mtu mmoja haufiki mbali. Wako wengine?"

Nilitikisa kichwa, na safari hii haikuwa haya: sikuwajua.

Ndiyo maana nimeandika hadithi yetu yote, polepole, kwanza kwa penseli halafu kwa kalamu. Kama nyumbani kwako kuna mtu aliyepimwa akaambiwa ni safi, na bado analala akiwa amesimama, niandikie. Kama alikuwa nyumbani kwako na sasa hayupo, niandikie pia. Usijali mwandiko wala makosa. Mimi nasoma kama ninavyoandika, neno moja baada ya jingine, na nitasoma yote. Nitapeleka kurasa zenu pamoja na wangu kwa yule dada wa ukumbini, na kila mtu atakayeniandikia nitamjibu, hata kama nitachelewa.